Kutambua na Kuchunguza Magonjwa ya Virusi kwa Vyura wa Kufugwa: Mwongozo Kamili Kuanzia Bwawani Hadi Maabara

Mfugaji wa vyura anapomwita mtaalamu, mara nyingi huwa ameshaupa ugonjwa jina: miguu myekundu. Jina hilo limeenea mashambani, na ndilo linalochelewesha uchunguzi kuliko kitu kingine. Mapaja yaliyovilia damu, tumbo lililojaa maji na vidonda vya ngozi vinaweza kuletwa na bakteria aitwaye Aeromonas hydrophila, na vinaweza vilevile kuletwa na kirusi cha jenasi ya Ranavirus. Tena mara nyingi vyote viwili hukutwa ndani ya chura mmoja, kirusi kikiwa kimetangulia kubomoa ngozi na kinga ya mwili, bakteria wakifuata nyuma yake. Mfugaji akiona wekundu hununua antibiotiki. Vifo hupungua siku chache kwa kuwa bakteria wamepungua, kisha hurudi, na kufikia hapo nyavu, ndoo na maji yameshakipeleka kirusi kwenye mabwawa mengine.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwanafunzi wa tiba ya mifugo, fundi wa maabara na mfugaji mwenye nia ya kujua kinachomuulia vyura wake. Nimeupa nafasi kubwa ugonjwa wa ranavirusi kwa sababu ndio ugonjwa wa virusi uliochunguzwa zaidi katika mashamba ya vyura, na kwa sababu Shirika la Afya ya Wanyama Duniani (WOAH) limeuweka katika orodha ya magonjwa ya amfibia yanayopaswa kutolewa taarifa. Hatua nyingi zilizomo humu zitamfaa pia mfugaji wa samaki: kirusi kilichoua sato kwa wingi katika Ziwa Volta nchini Ghana kuanzia mwaka 2018 ni cha familia hiyohiyo ya Iridoviridae, ingawa si cha jenasi hii.

Kirusi chenyewe

Ranavirusi ni virusi vikubwa. Kila chembe ina umbo la pande 20 na upana wa nanomita 150 hivi au zaidi kidogo, na ndani yake mna DNA ya nyuzi mbili yenye herufi zipatazo 105,000 kwa aina zinazowapata vyura. Hukua ndani ya seli kwenye joto la kati ya nyuzi 12 na 32 za Selsiasi. Joto la mwili wa binadamu linavizidi, na ndiyo maana havimwambukizi mtu anayewashika vyura wagonjwa. Mtafiti aliyeanza kazi hii jana anapaswa kuliweka hilo akilini, kwa kuwa glavu na koti jeupe atakavyovaa vipo ili asiuhamishe ugonjwa kutoka kwa chura mmoja hadi mwingine, na hilo hubadilisha namna ya kuvitumia: glavu hubadilishwa kila chura, si kila siku.

Historia ya ugunduzi wake ina fundisho ambalo tutalirudia zaidi ya mara moja. Katika miaka ya 1930, Baldwin Lucké wa Marekani alieleza uvimbe wa saratani katika figo za vyura wa aina ya Rana pipiens, akashuku kwamba unaletwa na kirusi. Miaka 30 baadaye Allan Granoff na wenzake, wakikitafuta kirusi hicho, walipata virusi kadhaa kutoka kwa vyura hao, kikiwemo kilichopewa namba 3 na ambacho hadi leo huitwa Frog virus 3, kwa kifupi FV3. Kilikua vizuri katika seli, kilionekana wazi kwa hadubini ya elektroni, na kilitoka kwa chura mwenye uvimbe. Hata hivyo hakikuwa chanzo cha uvimbe. Chanzo kilikuwa kirusi cha jamii ya hepesi. FV3 ndicho kikawa kielelezo cha jenasi nzima ya Ranavirus. Kwa hiyo kupata kirusi ndani ya mgonjwa ni jambo moja, na kupata sababu ya ugonjwa ni jambo jingine.

Katika vyura wa kufugwa, mifano iliyochunguzwa kwa undani zaidi imetoka China. Kirusi cha vyura waitwao kwa Kichina vyura-simbamarara, Hoplobatrachus rugulosus, ambao hufugwa kwa wingi kusini mwa nchi hiyo, kilisomwa DNA yake yote mwaka 2002, herufi 105,057. Kingine kilipatikana kwa vyura walioorodheshwa kama Rana grylio, na hutajwa kwa kifupi RGV. Vyura-ng'ombe wa Marekani, Lithobates catesbeianus, ambao ndio wanaofugwa zaidi nje ya nchi zao za asili, wamekutwa na ranavirusi Brazili, Uruguay, Japani na Marekani kwenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, vyura-ng'ombe hai walioingizwa Marekani kupitia bandari za Los Angeles, San Francisco na New York walipimwa, na asilimia 8.5 yao walikuwa na ranavirusi huku asilimia 62 wakiwa na kuvu wa ngozi aitwaye Batrachochytrium dendrobatidis. Hao walikuwa vyura waliofungashwa kwa ajili ya chakula, na kwa macho wengi hawangetiliwa shaka.

Hatua ya kwanza: sikiliza shamba kabla ya kumshika chura

Fika na daftari, na uchore ramani ya mabwawa kabla ya kuuliza swali lolote. Onyesha maji yanaingilia wapi, yanatokea bwawa lipi kwenda lipi, na nyavu huhifadhiwa wapi. Andika katika kila bwawa umri wa vyura, tarehe walipoingizwa, walikotoka, idadi ya waliokufa kila siku kwa wiki tatu zilizopita, na joto la maji la asubuhi na la alasiri. Mfugaji asiye na kumbukumbu za vifo atakuambia «wengi». Msaidie kukumbuka kwa kuuliza ni ndoo ngapi za mizoga alizotoa jana na juzi.

Mwenendo wa vifo hueleza mengi. Vyura wote wakifa usiku mmoja, wakubwa kwa wadogo, na samaki wa bwawa la jirani nao wakaelea, fikiria kwanza maji: upungufu wa oksijeni, amonia au sumu. Wakifa wachache leo, maradufu keshokutwa, kisha mamia, na vifo vikaanza bwawa la juu vikashuka kufuata mtiririko wa maji, hapo kuna kiambukizi. Ranavirusi hupenda viluwiluwi, hasa wale walioanza kutoa miguu ya nyuma na wale wanaokaribia kupoteza mkia, kwa sababu katika kipindi hicho mwili unajijenga upya na kinga hudhoofika. Kiluwiluwi hula mizoga ya wenzake, na hiyo ni njia ya maambukizi yenye kasi kuliko maji yenyewe. Ukikuta bwawa ambalo mizoga huachwa ili «viluwiluwi wapate chakula», tayari umepata sehemu ya jibu.

Uliza pia kilichobadilika katika mwezi uliopita. Je, kuna vyura wapya? Kuna wavu ulioazimwa kwa jirani? Viluwiluwi walirundikwa zaidi baada ya bwawa moja kuvuja? Joto lilipanda au lilishuka ghafla? Majibu haya hayathibitishi kirusi, lakini ndiyo yatakayokuongoza kuchagua sampuli zitoke bwawa lipi.

Hatua ya pili: mtazame aliye hai

Simama kando ya bwawa kwa dakika kumi bila kugusa maji. Kiluwiluwi mzima hushtuka kivuli kinapompitia na kuzama. Mgonjwa hubaki juu, huzunguka akiwa amelala ubavu au tumbo juu, na tumbo lake hujaa hadi ngozi ikang'aa. Chura mkubwa mgonjwa hukaa nje ya maji, hajali chakula, na ukimgeuza chali hachukui hatua ya kujirudisha, au hujirudisha taratibu sana. Tazama ngozi ya tumbo na upande wa ndani wa mapaja: ranavirusi huacha madoa madogo mekundu kama ncha za pini yanayoungana kuwa mabaka, na vidonda ambavyo huanza kama weupe wa ngozi iliyokufa.

Magonjwa yanayofanana na haya yajulikane mapema. Kuvu wa Batrachochytrium hula keratini, na kwa kiluwiluwi keratini iko mdomoni tu. Hivyo viluwiluwi wanaokufa kwa wingi huku wakivuja damu chini ya ngozi hawauawi na kuvu huyo. Kwa chura mkubwa, kuvu huleta ngozi nene inayobanduka na ulegevu, mara nyingi bila damu. Bakteria aitwaye Elizabethkingia miricola, ambaye ameyasumbua sana mashamba ya vyura nchini China katika miaka ya 2010, hupinda shingo na kutia ukungu machoni; chura huogelea kwa kuzunguka duara na kichwa kimeelekea upande mmoja. Viputo vya hewa chini ya ngozi ya kiluwiluwi ni dalili ya maji yaliyozidiwa gesi. Ni vema kuyaandika yote haya, hata yasiyoonekana: «shingo haijapinda» ni taarifa.

Hatua ya tatu: chagua vyura kwa hesabu

Hapa kuna maswali mawili tofauti, na kuyachanganya ni kosa ninaloliona mara nyingi. Swali la kwanza ni hili: vyura hawa wanaokufa wanauawa na nini? Kwa swali hilo chagua vyura watano hadi kumi walio mahututi lakini hai, na wengine watano wazima kutoka bwawa lisilo na vifo ili uwe na cha kulinganisha. Mzoga ulioelea usiku kucha haufai kwa hadubini, kwa sababu seli zimeshaoza, na bakteria utakaowaotesha kutoka humo watakuwa wa kuozesha tu. Unaweza kutumika kwa kipimo cha PCR, yaani kipimo kinachozidisha DNA ya kirusi ili igundulike, ikiwa hakuna kingine.

Swali la pili ni hili: je, bwawa linaloonekana zima lina kirusi? Hilo ni swali la hesabu. Ikiwa maambukizi yamefikia asilimia 10 ya vyura wa bwawa kubwa, unahitaji kupima takriban vyura 30 ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kumpata angalau mmoja mwenye kirusi. Yakiwa asilimia 5 unahitaji takriban 60, na yakiwa asilimia 2 unahitaji 150. Hesabu hizi zinachukulia kwamba kipimo hakikosei, na kila kipimo hukosea kidogo, kwa hiyo ni idadi ya chini. Mfugaji anayeletewa cheti cha «hana ugonjwa» kilichotokana na vyura watano amepewa karatasi tu.

Hatua ya nne: upasuaji na kuchukua sampuli

Chura anayechunguzwa auawe bila kuteswa. Dawa ya usingizi inayotumika zaidi ni trikaini, yaani MS-222, ambayo huyeyushwa katika maji ya kumtumbukizia. Dawa hiyo ni asidi na huiunguza ngozi ya chura, hivyo ni lazima isawazishwe kwa baikaboneti ya soda hadi maji yafikie pH ya 7 hivi. Vyura waliotiwa dawa hiyo wasiliwe wala wasirudishwe kwenye chakula cha mifugo.

Tandika meza kwa karatasi safi, weka chura chali, na uanze na nje. Futa ngozi ya tumbo, mapaja na vidole kwa kijiti cha pamba kilichotakaswa, mara tano kila sehemu, kisha ukiweke katika kichupa chake. Piga picha ukiwa umeweka rula na namba ya chura kando. Baada ya hapo safisha ngozi kwa spiriti, inua ngozi ya tumbo kwa kibanio na uikate kwa mkasi kuelekea kidevuni, ukiacha misuli bila kuigusa. Chini ya ngozi ya chura kuna nafasi wazi za majimaji, na kwa mgonjwa wa ranavirusi nafasi hizo huweza kumwaga maji ya manjano au mekundu mara tu mkasi unapopita. Badilisha mkasi, kisha ufungue misuli.

Ini ndilo linalotazama juu. Usiharakishe kulihukumu: ini la chura mzima huwa na weusi wa kiasi kutokana na seli zenye rangi, na wanafunzi wengi huandika «ini limekufa» kwa sababu hawajawahi kuona la mzima. Ndiyo maana nilishauri ufungue kwanza chura mmoja wa bwawa lisilo na vifo. Ini la mgonjwa huwa limevimba, kingo zake zimeviringika, lina mabaka ya weupe na wekundu, na ukilibana kwa kibanio humeguka. Bandama, ambayo kwa chura mzima ni kama punje ndogo ya mviringo, huwa imevimba na kuiva rangi. Figo zimelala mgongoni pande mbili za uti, na mara nyingi huwa na madoa ya damu. Tazama pia mafuta ya manjano yenye umbo la vidole yaliyo juu ya figo: yakiwa manene na mengi, chura huyu alikuwa akila vizuri hadi siku chache zilizopita, na ugonjwa ulimjia haraka, yakiwa yamesinyaa, anaumwa muda mrefu au hakulishwa, na picha hiyo huelekeza kwingine.

Kila kiungo kigawanywe mara tatu au nne kwa kazi tofauti. Vipande vya ini, figo na bandama vya PCR hutiwa katika ethanoli ya asilimia 70 au zaidi. Vya hadubini hutiwa katika formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, ujazo wa formalini ukiwa mara kumi ya ujazo wa nyama, na unene wa kipande usizidi milimita tano, vinginevyo katikati huoza kabla dawa haijafika. Vya kuoteshea kirusi katika seli visitiwe ethanoli wala formalini hata tone. Viwekwe katika maji ya kukuzia seli yenye antibiotiki, juu ya barafu, na vifike maabara ndani ya siku moja, au vigandishwe kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Kugandisha hakukiui kirusi hiki, na hilo ni faida kwa mtafiti na hasara kwa anayeuza nyama ya vyura iliyogandishwa. Sampuli ya nne, ya bakteria, ichukuliwe kutoka kwenye ini au damu ya moyo kabla ya vyote, kabla meza haijachafuka.

Kwa viluwiluwi wadogo, mmoja mzima huhesabika kama sampuli moja, utumbo ukiondolewa. Kwa chura usiyetaka kumuua, kata ncha ya kidole au ya mkia wa kiluwiluwi. Lakini ujue kwamba kidole, mkia na kijiti cha pamba havikiwahi kirusi kama ini linavyokiwahi, hasa katika siku za mwanzo za maambukizi.

Hatua ya tano: hadubini

Vipande vya formalini vikikatwa vyembamba na kutiwa rangi za hematoksilini na eosini, tafuta seli zilizokufa katika sehemu zinazotengeneza damu, yaani ini, bandama na tishu iliyo kati ya mirija ya figo, na pia katika tabaka la juu la ngozi. Ndani ya seli ambazo hazijafa kabisa unaweza kuona doa la buluu-zambarau nje ya kiini: huko ndiko kirusi kinakounganishiwa. Doa hilo halionekani kila mara, na kutoliona si ushahidi wa kutokuwepo. Hadubini ya elektroni, kwa maabara inayoipata, huonyesha chembe zenye pembe sita zikiwa zimepangana kama mayai kwenye trei. Picha hiyo inatosha kusema «ni iridovirusi», lakini haisemi ni ipi.

Hatua ya sita: PCR

Kipimo cha kawaida hulenga jeni la protini kuu ya ganda la kirusi, MCP. Praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR, zinazotumika tangu mwaka 1997, MCP4 na MCP5, hutoa kipande cha herufi zipatazo 500, ambacho hupelekwa kusomwa. PCR ya kupima wingi huenda mbali zaidi, kwa kuwa hukuambia kuna nakala ngapi za kirusi kwa kiasi fulani cha DNA ya chura.

Uaminifu wa kipimo hiki uko katika vidhibiti vyake kuliko katika mashine. Kila awamu iwe na kichupa chenye DNA ya kirusi kinachojulikana, kichupa chenye maji matupu, na kichupa ambacho kilianzia hatua ya kutoa DNA bila nyama yoyote. Hicho cha mwisho ndicho hugundua uchafu wa meza na pipeti, na ndicho kinachorukwa mara nyingi zaidi kwa kisingizio cha kuokoa vitendanishi. Chumba cha kuandalia mchanganyiko kiwe mbali na chumba ambamo DNA iliyozidishwa hufunguliwa, na koti lisitoke huku kwenda kule. Nikiletewa majibu ya vyura 40 ambao wote wana kirusi, wakiwemo wa bwawa la kulinganishia, swali langu la kwanza huwa ni kuhusu kichupa cha maji matupu.

Soma majibu pamoja na ulichokiona mezani. Nakala nyingi za kirusi katika ini lililomeguka ni ugonjwa. Nakala chache kwenye kijiti cha pamba cha chura anayeruka vizuri zinaweza kuwa ni maji ya bwawa yaliyomrukia, au maambukizi yaliyotulia. Vyura wa jenasi ya Xenopus walioambukizwa FV3 maabara na kupona wameonekana kubaki na kirusi kikiwa kimetulia ndani ya seli za kinga ziitwazo makrofaji, kwa hiyo chura aliyepona asihesabiwe kuwa ameachana na kirusi.

Hatua ya saba: kukiotesha katika seli

PCR hugundua DNA, hata ya kirusi kilichokufa. Kujua kwamba kirusi kiko hai kunahitaji seli, na jambo linalowashangaza wengi ni kwamba seli zinazotumika zaidi ni za samaki, kama EPC, FHM na BF-2, ambazo hukua vizuri kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25.

Saga gramu moja ya mchanganyiko wa ini, figo na bandama katika mililita tisa za maji ya kukuzia seli, juu ya barafu. Zungusha kwa mashine ili makapi yazame, kisha pitisha maji ya juu katika kichujio cha mikromita 0.45. Kichujio cha 0.22, ambacho maabara nyingi huwa nacho tayari, kinaweza kuzuia sehemu kubwa ya chembe za ukubwa huu, hasa zikiwa zimeshikana. Mimina juu ya tabaka la seli, acha saa moja, ongeza chakula cha seli, na utazame kila siku.

Siku ya kwanza huoni kitu. Siku ya pili au ya tatu, sampuli ikiwa na kirusi kingi, tabaka lililokuwa limetandazika kama mkeka huanza kupata matundu madogo ya mviringo. Seli za ukingoni mwa tundu hujikunja, huwa duara na kung'aa, kisha huachia chupa na kuelea. Matundu hupanuka na kukutana. Chupa ya kulinganishia, iliyotiwa maji yaliyochujwa ya chura mzima, isionyeshe hivyo. Ikionyesha, ni sumu ya tishu au uchafu, na kazi irudiwe. Sampuli isipoonyesha chochote kwa wiki mbili, hamisha maji yake kwenye chupa mpya angalau mara moja kabla ya kuandika kwamba hakuna. Kirusi kilichoota kipimwe wingi wake kwa kuzimuliwa mara kumi kumi, na kithibitishwe tena kwa PCR, kwa kuwa si kila kinachoua seli ni ranavirusi.

Hatua ya nane: je, ndicho kilichoua?

Mwaka 1937 Thomas Rivers, mtafiti wa virusi wa Marekani, alieleza masharti ya kuthibitisha kwamba kirusi ndicho chanzo cha ugonjwa, akiyarekebisha yale ya Robert Koch yaliyotungwa kwa bakteria. Kwa vyura yanafanyika hivi. Chukua viluwiluwi kutoka mahali pengine, waliopimwa na kukutwa hawana ranavirusi wala Batrachochytrium, na wapewe wiki mbili za kuzoea. Wagawe katika vyombo kadhaa, si viwili tu, maana chombo kimoja kikichafuka maji utadhani ni kirusi. Nusu ya vyombo itiwe kirusi kilichooteshwa, nusu itiwe maji ya kukuzia seli ambayo hayana kirusi. Joto liwe lilelile la shamba wakati wa vifo. Fuatilia kwa wiki tatu hadi nne, ukiwatoa na kuwaua bila mateso wale wanaofikia hali ya kutojigeuza, badala ya kusubiri wafe wenyewe.

Ukiona dalili zilezile, ini lilelile, ukakiotesha tena kirusi kilekile kutoka kwa wale tu waliotiwa, umepata sababu. Kazi hii inahitaji kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama na chumba ambacho maji yake hayatoki bila kutibiwa. Ni hatua ya watafiti; daktari wa shamba hahitaji kuisubiri ili achukue hatua.

Hatua ya tisa: kumjua ni nani

Jeni la MCP hubadilika kidogo sana baina ya ranavirusi, na kipande cha herufi 500 kinaweza kufanana kabisa kwa virusi vilivyotoka mabara mawili. Kwa hiyo usiandike kwamba kirusi «kilitoka» nchi fulani kwa sababu ya kipande hicho pekee. Soma jeni kadhaa, au DNA yote, ambayo kwa herufi 105,000 si kazi kubwa kwa mashine za leo, kisha ulinganishe na vilivyokwisha kusomwa, kikiwemo FV3 chenye herufi 105,903. Hapo ndipo biashara ya vyura inapoanza kuonekana kwenye mti wa ukoo wa virusi.

Shambani, majibu yakisubiriwa

Hakuna dawa ya ranavirusi inayotibu bwawa, kwa hiyo usisubiri barua ya maabara. Funga uhamishaji wa vyura. Toa mizoga asubuhi na jioni, uichome au uizike kwa chokaa mbali na maji. Kila bwawa liwe na wavu wake, na mhudumu aanze na mabwawa mazima na kumalizia na yaliyo na wagonjwa. Vyombo visafishwe matope kwanza, kisha vitiwe dawa kwa angalau dakika moja: majaribio yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba mchanganyiko wa asilimia 3 wa dawa ya klorini ya kufulia, au asilimia 1 ya Virkon S, huviua virusi hivi, huku pamanganeti ya potasiamu, ile ya zambarau inayopendwa sana na wafugaji, ikishindwa. Maji ya bwawa lililougua yasifunguliwe mtoni bila kutiwa klorini na kuachwa hadi klorini iishe, kwa kuwa vyura wa porini, mijusi-maji, samaki na kobe wanaweza kuupata ugonjwa huu.

Kwa Tanzania jambo hili si la mbali. Chura wa Kihansi, aliyetangazwa kutoweka porini mwaka 2009 baada ya bwawa la umeme kupunguza maji ya maporomoko na kuvu wa Batrachochytrium kugunduliwa bondeni, amenusurika kwa sababu alizalishwa katika bustani za wanyama Marekani na kurejeshwa nchini kuanzia mwaka 2010. Kila kundi linalovuka kutoka kwenye tangi kwenda bondeni linastahili kupitia hesabu ya hatua ya tatu na meza ya hatua ya nne.

Bwawa lililomwagwa, likatiwa klorini na kukauka juani hadi udongo ukapasuka, lisijazwe vyura wote kwa mara moja. Tia kwanza viluwiluwi 60 waliopimwa, walio katika umri wa kutoa miguu ya nyuma, uwaweke kwenye vizimba vya wavu upande maji yanakoingilia na upande yanakotokea. Wahesabu kila asubuhi kwa wiki nne, kila anayekufa apelekwe maabara siku hiyohiyo, na mwisho wa wiki ya nne wapimwe wote waliobaki kwa ini, si kwa mkia.